Siku Zuhura Alipoulizwa Tena

Maalim amefariki. Habari niliipata kwenye simu, katika kundi la wanawake wa msikiti wetu. Wenzangu waliandika dua, moja chini ya nyingine, na mimi nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Niliogopa kwamba dua yangu ikiwa fupi itaonekana ya baridi, na ikiwa ndefu itaonekana kama ninajionyesha kuwa nilimjua kuliko wengine. Mwishowe niliitupa simu kitandani nikaenda kumenya viazi, na mpaka maji yanachemka nilikuwa bado natunga sentensi moja kichwani. Ndivyo nilivyo. Nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ndani ya bahasha, na siwezi kutuma rambirambi bila kuiandika kwanza mara kadhaa.

Ukweli ni kwamba ninachotaka kusema juu ya Maalim hakiwezi kutosha kwenye ujumbe wa simu. Kinahusu dada yangu Zuhura, na siku moja ya mvua Meru, wakati nilipokuwa bado napoteza meno ya utotoni. Nyinyi wa rika langu mtakumbuka miaka ile: simu za mulika mwizi, soksi za shule zilizoshuka hadi kwenye viatu, mama zetu wakituita ndani kabla ya giza. Watu wa nje wakisikia kwamba sisi ni Wameru na ni Waislamu, hucheka wakidhani ninatania. Meru wanaijua kwa viazi, kwa miraa na kwa makanisa. Lakini tupo, na nyuma ya soko kulikuwa na msikiti wetu wa mabati, na karibu na msikiti kulikuwa na bucha ya Baba.

Baba alizaliwa Mwislamu, na baba yake kabla yake. Mama alitoka Kibirichia, kwenye familia ya wakulima wa viazi na waimbaji wa kwaya, akaingia dini alipoolewa. Mama yake Mama, tuliyemwita Cucu, alibaki na kanisa lake, na kila alipotutembelea alikuja na gunia la viazi na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani. Yeye na Baba walipatana kwa sababu wote wawili hawakupenda kazi ya ovyo. Cucu alikuwa akikagua nyama ya Baba kama mkaguzi wa serikali, na Baba akikagua viazi vyake.

Jambo ambalo mji mzima ulijua kuhusu Baba ni kwamba hakugusa nyama yenye shaka. Kuna siku kijana mmoja alimletea ng'ombe mzima aliyekwisha kuchunwa, kwa bei ambayo mchinjaji mwingine angeiota usiku. Baba akauliza nani alichinja. Kijana akasema pengine binamu yake, lakini yeye hakuwepo. “Pengine?” Baba akauliza. Akamrudishia ng'ombe wake, na jioni yake tukala maharagwe. Nilijivunia sana hayo maharagwe. Niliwaambia watoto wote wa shule kwamba babangu hawezi kudanganywa.

Madrasa yetu ilikuwa nyuma ya msikiti, na asubuhi za Jumamosi baridi iliingia kwa kila tundu la msumari. Maalim alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la sufu juu ya kanzu, na soksi mbili mbili. Jumamosi moja alitufundisha wasichana mambo ya ndoa, kwa lugha ya kutufaa. Alisema mwanamke haozwi mpaka aulizwe. Mwanamke aliyewahi kuolewa hujibu kwa ulimi wake, na msichana ambaye hajaolewa, kwa kuwa huona haya, hata akinyamaza huhesabiwa kwamba amekubali. Alisema na mengine baada ya hapo, kuhusu haya ni nini, na jinsi dini ilivyomhurumia msichana asilazimike kutamka mbele ya wanaume kwamba anataka mume. Hayo mengine sikuyasikia. Kichwa changu kilikwama pale pale: ukinyamaza, umekubali.

Nikainua mkono. “Maalim, na akiwa amelala?”

“Asiulizwe akiwa amelala.”

“Na akiwa na mafua, sauti imepotea?”

“Atatikisa kichwa.”

“Na kama anafikiria bado?”

Maalim akaniangalia juu ya miwani. “Kendi,” akasema, “wewe utakuwa wakili, ama utakuwa mgonjwa wa kichwa.” Wenzangu wakacheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwaza ni kipi kati ya hivyo viwili kitanipata, na bado sijapata jibu.

Baada ya hapo niliogopa kunyamaza. Nilidhani sheria ile ni ya kila kitu. Wauza ndizi wa sokoni wakiniita, nilikuwa nawajibu mmoja mmoja, “Sitaki, asante! Sitaki, asante!” mpaka Mama akaona aibu kutembea nami. Mara moja nilimpita mmoja kabla sijamjibu, nikarudi nyumbani nikilia. “Mama, yule mama ameniuliza kama nataka ndizi na sikumjibu. Sasa nimenunua?” Mama akaniuliza nimenunua na pesa ya nani. Shuleni, mwalimu akiuliza nani amevunja dirisha, darasa zima lilikaa kimya na mimi peke yangu niliruka, “Si mimi!” Hivyo nikawa mshukiwa wa kwanza wa kila kioo kilichovunjika mwaka ule.

Zuhura alikuwa kinyume changu. Alikuwa mkubwa, amemaliza sekondari, na maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya Februari. Lakini mimi nililala naye kitanda kimoja na nilimjua. Zuhura akiridhika na jambo, huimba kidogo kidogo puani, kaswida au wimbo wowote wa redioni, hata kama anaosha masufuria. Akikataa jambo, hasemi chochote, na vidole vya miguu yake hujikunja kwa ndani kama vinashika ardhi. Mwaka ule alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu kule Embu, na tangu siku aliyopata aliimba puani mpaka nikamwomba apumzike.

Ndipo akaja Harun. Harun hakuwa mtu mbaya, na ningependa hilo lijulikane. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Maua, Mmeru na Mwislamu kama sisi, na lori lake lilimletea Baba ng'ombe kutoka pande za Isiolo. Mke wake alikuwa amefariki. Kila akija aliniletea biskuti. Jumapili moja alikuja bila biskuti, amevaa vizuri, na wazee wawili nyuma yake, na mmoja wao amebeba ncoolo mikononi.

Asiyejua mila yetu ataona ncoolo kama kifurushi cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Ni kifurushi cha miraa, kweli, lakini hakiji nyumbani kwa mtu bure. Kinaletwa na watu wanaotaka msichana. Mzee wa nyumba akikifungua na kutafuna, amewafungulia mlango. Maalim hakupenda miraa, ila hakuwa mjinga wa kulisema hilo kwa sauti mjini Meru. Basi siku hiyo niliketi nyuma ya pazia la sebule, nikaona wote wanavyokiangalia kile kifurushi, nikatarajia kwamba ndani kuna kitu kikubwa. Baba alikaa nacho magotini kwa muda. Kisha akakata kamba ya mgomba kwa ukucha. Ndani yalikuwa majani na vijiti vyekundu tu. Baba akachukua kimoja, akatafuna, na wazee wakaanza kuzungumza kwa sauti ya juu kama watu walioshusha mzigo.

Jikoni, Mama hakuwa amekaa. “Umemuuliza?” akasema Baba alipoingia.

“Nimemwambia.”

“Sijauliza kama umemwambia.”

“Amenyamaza, Mama Zuhura. Kisheria inatosha. Ulitaka aimbe?”

“Eeh,” Mama akasema. “Huyu akikubali huimba.”

Lakini hapo Mama alikoma. Kwa miaka mingi nilijiuliza kwa nini alikoma, na nadhani sasa najua. Mama aliingia dini akiwa mtu mzima, na siku zote aliogopa kuonekana kwamba hajui. Wanawake wa mtaani walimsahihisha jinsi ya kufunga leso, jinsi ya kutamka salamu. Mtu akimwambia “kisheria,” alirudi nyuma hatua moja, hata kama moyo wake ulikuwa unasonga mbele. Na Baba naye hakuwa anamdanganya. Aliamini hivyo kabisa. Alikuwa na nusu ya somo, kama mimi.

Mimi nilimwendea Zuhura. Alikuwa nyuma ya nyumba akimenya viazi, na maganda yalikuwa manene kuliko viazi vyenyewe.

“Zu, sema kitu. Ukinyamaza umekubali. Maalim alisema.”

Akachukua kiazi kingine.

“Sema hata kidogo tu. Sema ‘hapana’ halafu unyamaze.”

“Nimwambie nani?” akaniuliza. “Ncoolo imeshafunguliwa.” Hayo ndiyo maneno pekee niliyopata. Nilitazama chini. Vidole vya miguu vilikuwa vimezama kwenye tope.

Siku ya nikaha ilinyesha mvua nyembamba isiyoisha, ile ya Meru ambayo huioni mpaka umelowa. Uani wanaume walikaa chini ya turubai, na pilau ilikuwa ikitokota kwenye sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea. Wanawake walikuwa wamempaka Zuhura hina tangu jana yake, lakini hina haipendi baridi. Ilikataa kushika. Badala ya wekundu uliokolea, mikono yake ilikuwa na rangi hafifu ya karoti, na Shangazi Amina, dada yake Baba, alikuwa akiisugulia mafuta ya karafuu na kulalamika kwamba Meru si mji wa harusi. Chumba kilinuka karafuu, moshi na viatu vilivyolowa. Cucu alikuwa amekaa kwenye gunia lake la viazi kwa sababu viti vyote vilikuwa uani. Mimi nilikuwa sakafuni, miguuni pa Zuhura, kwa kuwa kitanda kilijaa wanawake.

Maalim alibisha, wanawake wakajifunika, akaingia, na mashahidi wawili wakabaki mlangoni. Akainamisha macho. Akamtaja Zuhura kwa jina lake na jina la Baba, akamtaja Harun, akataja mahari: mtamba wa maziwa mwenye mimba, ambaye ni mali ya Zuhura mwenyewe, haingii mkononi mwa baba wala mwa mume. Kisha akauliza. “Umeridhia?”

Nilisikia mvua kwenye mabati. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria uani.

“Umeridhia, binti yangu?”

Hakuna.

Shangazi Amina akatabasamu. “Maalim, mwali amenyamaza. Ameona haya. Si unajua sheria?” Na mashahidi wakageuka, waende kutoa habari kwamba amekubali. Nakumbuka visigino vyao, viatu vya mvua vyenye tope, vikielekea uani. Maalim naye akaanza kugeuka.

Mimi sikuwa shujaa. Hilo nimelifikiria sana na nina uhakika nalo. Nilichokuwa nacho ni hofu: kimya kile kilikuwa kimejaa chumbani na hakuna aliyekuwa anakijibu, na mimi nilikuwa mtoto ambaye hakuweza hata kuacha ndizi bila majibu. Na mbele ya pua yangu kulikuwa na vidole kumi vya miguu vilivyojikunja kama ngumi.

“Hajaona haya!” nikapiga kelele. “Huyo amekasirika! Akikubali huimba!”

Shangazi akanifinya begani. “Nyamaza, we mtoto!”

“Sinyamazi! Nikinyamaza nitakuwa nimekubali!”

Mwanamke mmoja akacheka, akajizuia. Maalim alisimama kati ya chumba na mlango. Akaniangalia juu ya miwani, kama siku ile ya madrasa, na uso wake ukabadilika. Nadhani aliona somo lake mwenyewe likirudi kwake, likiwa na mguu mmoja.

“Kendi,” akasema polepole, “ni kimya cha nani kinachohesabiwa kuwa kukubali?”

“Cha msichana.”

“Msichana gani?”

Sikujua. Yeye akajibu mwenyewe, akiwatazama wanawake wote. “Anayeona haya. Anayetaka na anashindwa kutamka. Kimya cha mtu anayelia ndani hakiitwi ridhaa. Hakuna mwanachuoni aliyesema hivyo.”

Cucu, ambaye Kiswahili kilikuwa kigeni kwake lakini hakikumtisha, akainuka kutoka kwenye gunia. “Hata sisi,” akasema. “Hata sisi ya kanisa, na hata zamani mbele ya kanisa. Hii msichana anapewa kikombe, anaambiwa pelekea baba yako. Kama hainuki, hakuna harusi. Wanaume wanaenda kwao. Mimi niliinuka mwenyewe. Nilitembea na miguu yangu!” Akaipiga miguu yake sakafuni, mmoja baada ya mwingine, ili tuione.

“Mwiteni babake,” Maalim akasema.

Baba akaja na aproni ya kupakulia pilau, akikunja uso. Alipoambiwa, alizungumza kwa sauti ya chini, ile aliyotumia kwa watu walioleta nyama mbaya. “Maalim, watu wako uani. Mimi ni walii wake, mimi ndiye ninayemwoza. Na nilifungua ncoolo ya mtu, nikaila mbele ya wazee.”

“Ulikula majani,” Maalim akasema. “Ridhaa yake hukuila.”

“Amenyamaza, Maalim. Wewe ndiye hufundisha.”

“Ndiyo, mimi ndiye hufundisha. Hebu nikuulize kazi yako. Ukiletewa ng'ombe aliyechunwa, hujui alichinjwa vipi, unafanya nini?”

“Simgusi.”

“Na mwenye ng'ombe akisema pengine alichinjwa vizuri?”

Baba akajifuta mikono kwenye aproni. Nilimwona akiliona neno hilo likija. “Pengine haitoshi,” akasema.

“Basi mimi hapa nina shaka. Na kazi yangu ni hii kama yako ni ile. Sifungi ndoa kwa pengine.”

“Mtoto yangu si nyama,” Cucu akasema kwa ukali.

“Kweli kabisa, mama,” Maalim akamwambia. “Ndiyo maana yeye tunaweza kumuuliza.”

Akawaambia mashahidi wasubiri uani. Akaomba stuli, mtu akampa ile ya kukunia nazi, na akaketi mbele ya Zuhura na soksi zake mbili mbili, akaweka mikono magotini. “Mimi ni mzee,” akasema. “Sina haraka. Pilau ndiyo ina haraka, nayo haina roho. Ukitaka tukae hapa mpaka kesho, tutakaa. Alikuja mwanamke kwa Mtume, akalalamika kwamba babake amemwoza bila kutaka. Mtume hakumwambia anyamaze. Alimpa yeye uamuzi. Sasa na mimi nani, nikupe kidogo kuliko hicho?”

Tukakaa. Sijui tulikaa muda gani. Baba alikuwa ameegemea ukuta, aproni ikidondosha mafuta. Kisha nikaona vidole vya miguu vikinyooka, kimoja, halafu vingine, na nikajua kabla ya wote.

“Sitaki,” Zuhura akasema.

Sauti ilitoka na kutu. Akakohoa, akasema tena, na mara ya pili ilikuwa sauti yake. “Baba, sitaki. Harun hajanikosea. Nataka kwenda Embu. Nataka kuwa mwalimu. Siku ya kuolewa ikifika nitakuambia, na utanisikia.”

Wanawake wengine walitazama sakafu, wengine walimtazama Baba. Shangazi Amina alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya karafuu bila kuifunga. “Mimi hawakurudi kuniuliza,” akasema, bila kumwambia mtu yeyote. “Walifika mlangoni, wakageuka.” Kisha akaifunga chupa, akamvua Zuhura ushungi wa harusi kwa mikono miwili, polepole, akamfunika kwa sweta yake mwenyewe. “Haya,” akasema. “Utapata baridi.”

Baba akavua aproni. Akatoka uani kwenye mvua, nami nikamfuata kwa kuwa hakuna aliyenizuia. Wanaume wakageuka kumtazama. Nilidhani atatafuta maneno ya kuzunguka, mchumba ni mgonjwa, siku imeahirishwa. Baba alisimama wima mbele ya Harun na wazee wa Maua, na akasema kwa sauti ambayo jirani angeisikia.

“Harun, binti yangu ameulizwa. Amesema hapana. Nilifungua ncoolo kabla sijamuuliza, na kosa hilo ni langu. Yeye hana lawama na wewe huna lawama. Mtamba wako atarudi na wewe.”

Mzee mmoja akaanza kunung'unika kuhusu heshima ya watu. Harun akamgusa mkono. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekanyaga msumari, kisha akavuta pumzi. “Mzee, acha,” akasema. “Afadhali nikataliwe hapa kwenye turubai mara moja, kuliko nikataliwe nyumbani kwangu kila asubuhi.” Akatazama sufuria. “Lakini hiyo pilau mmekataa nayo? Ama tumbo langu nalo liombe ridhaa?”

Mtu akacheka, halafu wengi. Na ndani ya nyumba Cucu, ambaye alikuwa akisikiliza dirishani, akaachia vigelegele. Mkristo wa Kibirichia, kwenye harusi ya Kiislamu isiyokuwepo, akishangilia msichana aliyekataa. Mama akamjibu. Mama yangu, aliyeogopa kukosea hata salamu, alisimama mlangoni bila kujali leso yake imekaaje, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wa mtaani wakadakia. Tulikula pilau ile wote, wa Meru na wa Maua, na Harun akala sahani mbili, na sijawahi kula chakula kitamu hivyo tangu wakati huo.

Jumamosi iliyofuata Maalim alirudia lile somo lote tangu mwanzo. Akaanza na sehemu ambayo sikuisikia. Na kuanzia hapo, akienda kumuuliza msichana yeyote, alikuwa anaketi. Wanaume wa haraka walilalamika uani kwamba mzee huyu anachelewesha chakula. Aliwaacha walalamike.

Chuo kikuu niliwahi kuulizwa, kwenye chumba kilichojaa watu wanaojiamini, kwamba mwanamke wa Kiislamu ana haki gani hasa. Nilikuwa na majibu yaliyopangwa: mali yake ni yake, mahari ni yake, hurithi, husoma, hudai talaka. Yote ni kweli na niliyasema. Mwingine akanijibu kwamba kwenye karatasi kila mtu ana haki. Nililala na jibu lake siku nyingi. Ana hoja. Haki inaweza kukaa kwenye kitabu miaka mingi huku mashahidi wakigeuka mlangoni. Lakini mimi nimeona haki hiyo ikitoka kitabuni, ikavuta stuli, ikaketi na kungoja. Nimeona mchinjaji akiikubali akiwa na aproni. Hakuna mtu anayeweza kuniambia haipo.

Zuhura alikwenda Embu mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Baba, ambaye hakuwahi kufunga bucha hata alipougua malaria, aliifunga siku nzima ili ampeleke, na mimi nikalia mpaka wakanichukua. Uwanja wa chuo ulikuwa na jua na vumbi jekundu, na foleni ya wasichana wenye masanduku ilizunguka jengo zima, kila mmoja na mzazi wake. Tulipofika dirishani, karani alikuwa mwanamke aliyechoka, na hakuinua macho. Alimwuliza Baba, juu ya kichwa cha Zuhura: “Mzee, huyu wako anataka nini, sayansi ama sanaa?”

Baba akafungua mdomo. Nilimwona. Alikuwa na jibu tayari, nadhani hata lilikuwa zuri. Kisha akaufunga, akarudi nyuma hatua moja, akashika sanduku.

“Muulize mwenyewe,” akasema. “Si huyo hapo.”

Zuhura akasogea, akaweka viwiko juu ya dirisha, na akajibu kwa sauti iliyofanya foleni igeuke mpaka mwisho:

“Sayansi! Na kitanda cha juu, kama bado kipo.”